Lubumbashi: Katambayi, fundi wa umeme anayejenga mashine kwa kartoni na waya wa shaba

Katika mji ambao shaba yake inapeleka umeme duniani kote, huku komine zake nyingi zikilala gizani, msanii Jean Katambayi Mukendi anaunda kwa mkono mashine za kartoni, karatasi, waya na vipande vya vifaa vya elektroniki vilivyokwisha kutupwa. Kazi zake zimefika Antwerp na New York. Kwa wakaaji wa Lubumbashi linabaki swali lile lile wanalojiuliza kila siku juu ya madini: ni nini kinachobaki nyumbani?

Katambayi alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1974. Kabla ya kujulikana kama msanii alisomea kazi ya umeme, na mpaka leo kazi zake zinaonyesha kwamba mwenye kuzitengeneza anajua nyaya zinaunganishwa namna gani. Anapenda hesabu, jiometria na mekanika. Anachora kwanza, anapima, anakata, kisha anajenga. Mtu akiziangalia kwa mara ya kwanza anaweza kufikiri ni mifano ya shule ya ufundi. Akikaribia zaidi anakuta mitambo yenye sehemu nyingi ndogo, kila moja ikiwa na kazi yake, na yote imeshikwa na kitu kilaini kama kartoni ya sanduku la biskuti.

Chaguo hilo la kartoni lina maana yake. Kartoni inapatikana kila soko la Lubumbashi, tangu Kenya hadi Rwashi. Inakatwa kwa wembe, inakunjwa, inabandikwa kwa gundi. Lakini haipendi maji, haipendi joto na haipendi kuguswaguswa. Mashine ya kartoni iko karibu kuharibika siku zote, na fundi wake lazima airudie, airekebishe na kuibembeleza. Kwa mtu anayeishi katika mji ambao umeme unakuja na kuondoka bila kuaga, hali hiyo si ngeni.

Mtoto wa mji wa kampuni

Ili kuelewa kazi za Katambayi, ni vizuri kukumbuka mji uliomlea. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Mji wenyewe, ambao wakati huo uliitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka wa 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likayeyusha shaba yake ya kwanza. Kampuni ilitangulia, mji ukafuata nyuma. Wafanyakazi walijengewa makambi, wakapewa posho ya unga, hospitali na shule. Kampuni ndiyo iliyokuwa baba na mama.

Mwaka wa 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali hiyo, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Halafu mambo yakageuka. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto, huko Kolwezi, iliporomoka. Miaka iliyofuata ilileta uporaji, mafukuzano na mitambo kusimama. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, neno ambalo mpaka leo familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi haziwezi kulisikia bila kutikisa kichwa.

Katambayi alikuwa kijana wa miaka 16 wakati Kamoto inaporomoka. Kizazi chake kilijifunza ufundi kwa ajili ya viwanda ambavyo, walipofikia umri wa kuajiriwa, vilikuwa vimesimama. Kulikuwa na mafundi wa umeme, wa kuunganisha chuma na wa mashine wengi kuliko kazi. Ujuzi ulibaki mikononi mwa watu, bila kiwanda. Katika mji kama huo, mtu anayekaa kujenga mtambo wake mwenyewe, hata kama ni wa kartoni, anagusa kidonda cha wengi.

Nyaya zinapita juu ya vichwa

Kazi nyingi za Katambayi zinazunguka jambo moja: nguvu inatoka wapi, inaenda wapi, na nani anaipata. Anaieleza sanaa yake kama utafiti juu ya matatizo ya jamii ya Kongo na namna ya kurudisha usawa wa nguvu kati ya kaskazini na kusini mwa dunia. Maneno hayo yanaweza kuonekana makubwa. Lakini kwa mkaaji wa Katanga yana mfano wa wazi, na mfano huo uko angani: laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi.

Laini hiyo, yenye urefu wa karibu kilomita 1,700, ilikamilika mwaka wa 1982. Ilijengwa ili kuleta umeme wa bwawa la Inga, karibu na bahari, hadi migodi ya Katanga. Inapita juu ya vijiji na mashamba ya majimbo kadhaa. Wanaoishi chini yake wanaona nguzo na nyaya, lakini usiku wanawasha taa ya mafuta au ya betri.

Sababu moja ni ya kiufundi. Umeme wa nyumbani unabadilisha mwelekeo wake mara 100 kwa sekunde, na kwa hiyo transfoma inaweza kuushusha nguvu ili utumike kijijini. Ule wa laini ya Inga unasafiri kwa mwelekeo mmoja tu, kwa nguvu ya juu sana. Njia hiyo inapunguza upotevu katika safari ndefu, lakini kuuteremsha njiani kunahitaji kituo kikubwa cha gharama kubwa. Vituo vya namna hiyo vilijengwa viwili tu: kimoja mwanzo, Inga, na kingine mwisho, Kolwezi. Yaani tangu siku ya kwanza, michoro ya wahandisi haikuwahesabu watu wa katikati.

Lubumbashi wenyewe hawako mbali na hali hiyo. Leo RDC inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, na sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia. Lakini katika nchi nzima ni karibu mtu mmoja kati ya watano tu anayepata umeme. Katuba, Kenya au Kampemba, delestaji ni sehemu ya kalenda ya nyumbani. Mama anaweka makala kwenye mbabula, mwenye saluni anawasha jenereta, mwanafunzi anasoma kwa mwanga wa simu. Wakati huo huo malori yaliyobeba shaba yanapanga foleni kuelekea Kasumbalesa.

Ndani ya hali hiyo ndipo ulipozaliwa mfululizo wa michoro wa Katambayi unaojulikana zaidi, Afrolampe. Ni michoro mikubwa ya taa za umeme, iliyochorwa kwenye karatasi kwa kalamu ya biki, mstari baada ya mstari. Kila taa ina umbo lake. Ndani ya kioo mtu anaona nyuzi, mizunguko na maumbo ambayo hayapo katika taa yoyote ya dukani. Ni taa za kufikirika, zilizochorwa na mtu anayejua taa ya kweli inavyofanya kazi.

Biki nayo si kitu cha bahati. Kila mwanafunzi wa Kongo anaijua. Ndiyo chombo cha kuandikia madaftari, fomu na barua za kuomba kazi. Kujaza karatasi kubwa kwa biki kunachukua masaa mengi na mkono unauma. Kazi hiyo ya polepole inaonekana katika mchoro, na pengine ndiyo inayoufanya uwe na uzito mbele ya watu waliozoea picha zinazotoka kwenye kompyuta.

Tesla ya waya

Mwaka wa 2019 Lubumbashi iliona kazi iliyozungumzwa sana: gari la Tesla la ukubwa wa kweli, lililojengwa kwa waya wa shaba. Liliitwa Tesla Crash, na Katambayi alilitengeneza pamoja na wasanii wenzake wa Lubumbashi, wakiwemo Sammy Baloji na Daddy Tshikaya. Ni gari lililogongana, limekunjamana, na halina betri wala injini. Mwili wake wote ni nyaya, kama vile magari ya waya ambayo watoto wa mitaa yetu wamekuwa wakiyatengeneza tangu zamani na kuyasukuma kwa fimbo.

Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi uitwao On-Trade-Off, ulioanzishwa na shirika la Picha la Lubumbashi pamoja na wenzao wa Brussels. Mradi unafuatilia safari ya litiamu, madini ya betri, ambayo akiba yake kubwa iko Manono, jimboni Tanganyika. Wasanii waliuliza swali rahisi: ikiwa dunia inasema gari la umeme litaokoa mazingira, basi nani analipia usafi huo, na atapata nini?

Kwa kutengeneza gari la bei ghali kwa njia ya watoto wa mtaani, wasanii hao waligeuza mpangilio wa kawaida. Kwa kawaida shaba na kobalti vinaondoka hapa vikiwa malighafi, vinatengenezwa China, Ulaya au Marekani, kisha vinarudi kama simu, gari au betri. Vikizeeka, vinatupwa. Safari hii gari lilitengenezwa Lubumbashi, kwa shaba, na mikono ya Lubumbashi. Haliendi popote, lakini kila anayelitazama anaelewa mara moja limetoka katika udongo gani.

Kuna jambo lingine ambalo wageni hawalijui sana. Kuvuta waya wa shaba kwa mkono ni ufundi wa zamani katika Katanga kuliko kampuni yoyote. Kabla ya wakoloni, wayeyushaji wa hapa walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa. Wafua chuma wa Wayeke, watu wa Msiri waliotoka Unyamwezi na kuweka makao Bunkeya, walijua kuivuta shaba hadi ikawa uzi mwembamba wa kusokotea bangili. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliokuja kwa niaba ya mfalme Leopold II, na baada ya hapo shaba ikawa mali ya wengine. Kwa hiyo waya ulio mkononi mwa msanii wa leo una historia ndefu hapa nyumbani.

Waya ule ule, lakini unaimba

Katambayi anajulikana katika sanaa ya kutazama zaidi kuliko muziki. Lakini njia yake ya kufanya kazi, kuchukua kilichotupwa, kukielewa na kukigeuza mtambo mpya, ina ndugu zake katika muziki wa Kongo. Na ndugu huyo wa kwanza ni waya wa shaba.

Mwaka wa 1831 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitembea karibu na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, umeme unazaliwa ndani ya waya huo. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza kutoa umeme mwaka wa 1930, linafanya kazi kwa sheria hiyo: maji yanazungusha mtambo, na katika mtambo kuna sumaku na shaba. Mikrofoni za aina nyingi nazo zinafuata sheria hiyo hiyo, ila kwa kipimo kidogo sana. Sauti inatikisa, waya na sumaku vinasogeleana, umeme mdogo unatoka, kipaza sauti kinaukuza.

Mawangu Mingiedi, mpiga likembe aliyeanzisha kundi la Konono N°1 mjini Kinshasa katika miaka ya 1960, aliitumia sheria hiyo bila kungoja duka lolote. Likembe ya kijijini ilikuwa haisikiki katikati ya kelele za mji mkuu. Basi yeye na wenzake walichukua sumaku kutoka vipande vya magari mabovu, wakachonga mbao, wakazungusha waya wa shaba, wakapata mikrofoni zao. Vipaza sauti vilikuwa vya zamani, vilivyokuwa vikikwaruza. Mkwaruzo huo ukawa sehemu ya muziki.

Albamu yao Congotronics ilitoka Ubelgiji mwaka wa 2004, na wapenzi wa muziki wa elektroniki huko Ulaya walishangaa kusikia sauti ambazo wao walizitafuta kwa kompyuta. Mwaka wa 2007 Konono walisikika katika albamu ya Björk wa Iceland, na mwaka wa 2011 jina lao lilikuwa kati ya washindi wa tuzo ya Grammy kwa wimbo walioshiriki na Herbie Hancock na wengine. Mingiedi alifariki mwaka wa 2015.

Lubumbashi nayo ina chombo chake: karindula. Ni kama banjo kubwa sana. Tumbo lake ni pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, na shingo yake ni ya mti yenye nyuzi nne. Mpigaji anaweza kuikalia pipa lenyewe. Jina lake linafanana na kalindula ya upande wa Zambia, kwa sababu mpaka haukuwatenganisha watu wa huku na wa kule katika ngoma zao. Mwaka wa 2011 kampuni ile ile ya Ubelgiji iliyotoa Congotronics ilitoa rekodi na video za makundi ya karindula zilizofanywa Lubumbashi. Wengi waliozitazama nje ya nchi hawakuwa wamesikia chombo hicho hata siku moja, wakati hapa kimekuwa kikipigwa misibani na kwenye vilabu vya pombe kwa miaka mingi.

Kizazi cha sasa kimeendelea mbele. Kundi la KOKOKO! la Kinshasa linachanganya vyombo vilivyotengenezwa kwa vitu vya kutupwa na mashine za elektroniki. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2019, inaitwa Fongola, yaani ufunguo kwa Kilingala. Ya pili, Butu, usiku, ilitoka mwaka wa 2024. Mashariki, vijana wengine walivuka mpaka. Rey Sapienz, mwanamuziki kutoka mashariki mwa Kongo, aliweka makao Kampala na kuwa mmoja wa nguzo za Hakuna Kulala, lebo ya muziki wa elektroniki yenye jina la Kiswahili. Mwaka wa 2021 alitoa na kundi lake albamu ya Na Zala Zala, ambamo tekno na ngoma za Kongo zinakaa pamoja.

Kinachowaunganisha watu hawa na fundi wa Lubumbashi ni namna ya kuangalia kifaa. Kwa wengi, radio ikifa imekufa. Kwao, radio iliyokufa ni sumaku moja, mita kadhaa za waya na swali.

Sifa ya Kifungu cha 15

Mara nyingi kazi za namna hii zinasifiwa kwa maneno ya kujimudu, ile Kifungu cha 15 ambayo kila Mkongomani anaitaja kwa kicheko. Waandishi wa nje nao wanapenda kuandika kwamba Waafrika wanatengeneza maajabu kutoka kwenye takataka. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaficha mambo mawili.

La kwanza ni kwamba kazi hizi zinafikiriwa. Mtambo wa Katambayi una hesabu na michoro nyuma yake. Mikrofoni ya Mingiedi ilijibu tatizo lililo wazi, na ilijibu vizuri. Huo ni uhandisi, hata kama hauna maabara. Kumsifu fundi kwa kujimudu tu ni kama kumsifu mpishi kwa sababu alikuwa na njaa.

La pili ni kwamba kutumia vitu vilivyotupwa si mchezo usio na hatari. Vifaa vya elektroniki vina risasi na metali nyingine zenye sumu, na wanaochoma nyaya ili kutoa shaba wanavuta moshi mbaya. Lubumbashi inajua vizuri sumu ni nini. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha katika jarida la The Lancet Planetary Health utafiti uliokuta uhusiano kati ya baba kufanya kazi inayohusu madini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2022, maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huu, Biennale de Lubumbashi, yalichagua kichwa cha ToxiCité, neno linalounganisha sumu na mji.

Nani anaiona kazi?

Biennale hiyo, iliyoanza mwaka wa 2008, ndiyo nafasi kubwa zaidi ambayo wasanii kama Katambayi wanayo ya kuonyesha nyumbani. Ilianzishwa na wasanii wenyewe, wakiwemo mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, kupitia shirika lao Picha. Mudekereza anaongoza pia kituo cha sanaa kiitwacho Waza. Si bure kwamba majina yote mawili ni ya Kiswahili na kila mtoto wa Lubumbashi anayaelewa: tazama, kisha fikiri.

Lakini Biennale inakuja baada ya miaka miwili au zaidi, na inadumu wiki chache. Katikati hapo, njia ya msanii ya kuishi inapita nje. Michoro ya Afrolampe imeonyeshwa na nyumba za sanaa za Antwerp na New York, na wanunuzi wengi wa kazi za namna hiyo wako huko. Hakuna anayeweza kumlaumu msanii kwa kuuza. Anakula, analipa kodi ya nyumba, anasomesha. Hata hivyo mwendo wenyewe unafanana mno na ule wa madini: kitu kinazaliwa Katanga, thamani yake inapanda kikivuka mpaka, na mtoto wa Katuba anayetaka kukiona lazima akitafute kwenye simu, kama kuna umeme wa kuichaji.

Tofauti iko katika jambo moja. Shaba ikiondoka, imeondoka. Ujuzi unaweza kuondoka na bado ukabaki, ikiwa kuna anayeufundisha. Ndiyo maana warsha zinazofanywa na Picha na Waza kwa vijana zina uzito kuliko zinavyoonekana. Kijana anayejifunza kuunganisha saketi ndogo kwenye kartoni, au kuzungusha waya hadi upaze sauti, anajifunza kwa wakati mmoja fizikia, ufundi na namna ya kuuliza maswali. Shule nyingi za ufundi za mji zina madarasa ya umeme lakini hazina vifaa vya kutosha vya mazoezi. Kartoni na radio mbovu zipo tele.

Serikali nayo imesema inataka kubadilisha mwendo. Aprili 2022 RDC na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza pamoja sehemu za betri za magari ya umeme, na mwaka huo huo kituo cha utafiti wa betri kilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nia ni kwamba kobalti, shaba na litiamu visiondoke tena vikiwa udongo na mchanga. Viwanda hivyo vikijengwa, vitahitaji wahandisi wenye shahada, lakini vitahitaji pia mafundi: watu wanaosikia mashine ikikohoa na kujua ni wapi inauma.

Mafundi hao wako. Wengine wanatengeneza telefone kandokando ya barabara, wengine wanarudisha uhai wa frigo na televizyo nyuani kwao, wengine wanazungusha upya waya wa injini zilizoungua. Katambayi ni mmoja wao aliyechagua kuupeleka ujuzi huo mahali ambapo watu wanalazimika kusimama na kuutazama. Mji uliojengwa ili kutoa shaba kwa ajili ya mashine za wengine una haki ya kujua kwamba na wenyewe unaweza kuchora mashine yake. Hatua inayofuata si ya msanii peke yake. Ni ya shule zitakazoleta wanafunzi kutazama, ya matajiri wa Lubumbashi watakaonunua mchoro mmoja na kuuacha ukae hapa, na ya viongozi ambao, wakati wa kuhesabu utajiri wa Haut-Katanga, watakumbuka kuhesabu na mikono ya watu wake.